Maji Yaliyoambiwa Yasubiri

Kila asubuhi Merle Tranter alipotaka chai, alikunja gauni lake la kulalia mpaka kifuani, akashuka kitandani taratibu ili kitanda kisiyumbe. Maji yalimfika kiunoni. Alivuka sebule, akazipisha kofia za marehemu mumewe zilizokuwa zikielea kuelekea jikoni, akamsogeza kwa goti yule samaki mkunga aliyeingia na mto, akawasha jiko la gesi. Jiko lilikuwa juu ya maji kwa upana wa vidole viwili, na kwa hilo alimshukuru Mungu. Chai ilipoiva aliinywa palepale, amesimama, akitazama nje kupitia mlango ulio wazi. Nje kulikuwa kukavu. Nyasi zilikuwa zimegeuka manjano na majirani walikuwa wameanza tena kumwagilia bustani zao.

Maji hayakutoka. Yalifika kizingitini yakasimama wima, na ndege wa uani, wale weusi wenye mabaka meupe, walikuja kuyanywa ubavuni.

Mafuriko yenyewe yalikuwa yamekwisha zamani. Mto ulipanda ukaingia mji mzima wa Tarrabin, hata kwenye nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, ukakaa, ukashuka. Kwa Merle nako ungeshuka kama si ile simu. Aliipigia kampuni yake ya bima akiwa amekaa juu ya meza ya jikoni, sauti ya simu ameifungulia yote, kwa kuwa masikio yake hayakuwa tena ya ujana. Alichezewa muziki mpaka akaujua kuuimba. Hatimaye kijana mmoja akamwuliza namba ya mkataba, kisha tarehe ya kuzaliwa, kisha namba ya mkataba tena. Mwisho akamwambia:

"Mama, usiguse kitu. Kila kitu kibaki kama kilivyo mpaka mthamini wetu aje aone hasara."

Merle akasema sawa. Maji nayo yalisikia. Yalikuwa yameshaanza kuteremka ngazi za mbele; yakarudi ndani, yakatulia.

Jirani yake, Carmena Zammit, alikuwa na kampuni nyingine. Naye alipiga simu siku hiyohiyo, sauti juu vilevile, maana Carmena hana siri hata na kuku wake. Akapokewa na msichana aitwaye Tegan, na Tegan, kabla hajamwuliza hata jina, alimwuliza, "Uko salama? Una pa kulala leo?" Ndipo akamwambia apige picha, afungue milango, atupe vilivyooza, mafundi wanakuja. Maji ya Carmena yakasikia. Yakatoka kwa mlango wa mbele, yakashuka ngazi bila kusukumana, kama watu wanaotoka kanisani, yakafuata mtaro mpaka mtoni. Mafundi wakaja kweli. Sasa Carmena ana kuta mpya rangi ya maziwa, na hapiti siku bila kuzisifia.

"Shoga, hujambo humo bwawani?" aliuliza kila alipokuja na sahani ya keki, akakaa kwenye ngazi za Merle, upande mkavu.

"Sijambo. Mthamini anakuja Jumanne."

"Yuleyule?"

"Mpya."

"Ala! Kwani huko wanawafyatua kama matofali?"

Mthamini wa kwanza alikuwa kijana mwenye tai. Alieleza kwa upole kwamba mkataba wa Merle unalipia maji ya mvua, haulipii maji ya mto. Sasa mvua iliingia kwanza kwa paa, mto ukafuata kwa mlango, na yote mawili yakakaa pamoja kama ndugu. Kijana alivua viatu, akaingia, akayauliza maji yametoka wapi. Akasubiri. Maji hayakujibu, hayakuwa yameambiwa yaseme, yaliambiwa yasubiri. Wa pili alikuja na chupa, akachota, hakurudi. Wa tatu alikuja na kijiko. Alionja sebuleni, akaonja chumbani, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akasema anasikia ladha zote mbili. Kila mmoja alianza upya kana kwamba mwenzake hajapata kuzaliwa, na kila mmoja, alipofika mlangoni, aligeuka akasema, "Tafadhali, usiguse kitu." Maji yaliyokuwa yameanza kutikisika kwa matumaini yakatulia tena.

Binti yake Merle, Robyn, alipiga simu kutoka Melbourne.

"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo. Maji yamekufika shingoni."

"Kiunoni," Merle alimsahihisha.

"Pasaka ikifika yangali humo, nakuja kukuchukua. Nimeshakutandikia chumba."

Merle hakukitaka chumba hicho, hata kingetandikwa hariri. Katika nyumba hii aliingia bi harusi, na kwa mlango huuhuu mumewe Clarrie alitolewa amelala, miguu mbele. Naye alikusudia kutoka vivyo hivyo, kwa zamu yake. Hakuomba zaidi. Alichotaka ni kitanda chake kiguse sakafu. Kwa sasa kilielea, amekifunga kwenye kitasa kwa mkanda wa gauni, na kila akijigeuza usingizini miguu ya kitanda ilipapasa chini bila kufika.

Kampuni ile aliichagua Clarrie, kwenye maonyesho ya kilimo, kwa sababu walikuwa wanagawa taulo bure. Taulo zuri, la buluu, lenye jina la kampuni pindoni. Carmena alikuwepo siku hiyo na hakunyamaza.

"Clarrie, rahisi huvunja upishi. Namba ya kununulia kila kampuni inapokea upesi, nani anamnunia mnunuzi? Piga namba ya kudai. Sikiliza wanaanza na swali gani."

Clarrie alicheka, akasema taulo ni taulo. Alipokufa, Merle hakubadilisha kitu. Bima aliiacha kama alivyouacha upande wa Clarrie kitandani, ambako mpaka leo halali.

Taulo lilitundikwa kwenye msumari karibu na dari. Ndilo alilojifutia mapaja kila jioni.

"Walijua, shoga," Carmena alisema. "Walikupa taulo mapema."

Merle alicheka mpaka keki ikamponyoka, mkunga akaila. Lakini Carmena alipokwenda zake, hasira zikampanda, na zilikuwa hasira juu ya Clarrie, za kwanza tangu mazishi. "Taulo, Clarrie!" aliziambia zile kofia. "Nyumba nzima kwa taulo!" Kofia zikageuka polepole, zikaelea kwenda chumbani. Merle akalia. Machozi yake yalidondokea humohumo, akakumbuka kwamba mthamini wa nne sasa angekuta ladha ya tatu.

Mwaka wa bima ulipokwisha, Merle aliamua kuhamia kampuni nyingine. Carmena alikaa kwenye ngazi kumpa moyo.

"Anza na namba ya kudai ya kampuni yangu," alisema. "Usikie kama bado ni walewale."

Merle alipiga, sauti juu. Muziki haukupata hata nafasi ya kuanza.

"Naitwa Tegan. Uko salama? Una pa kulala leo?"

Maji yalishuka shubiri nzima. Huko chumbani miguu ya kitanda iligonga sakafu, ngo! Merle akasema yeye si mteja, ila anataka kuwa mteja, kama inawezekana, na akataja mtaa wake. Tegan akasema, na ilisikika wazi kwamba inamuuma, kuwa kampuni haichukui tena watu wapya mtaa huo. Waliokuwamo wamo, walio nje, hapana.

"Pole sana, mama."

"Haya, mwanangu. Si wewe."

Akakata simu. Maji yakarudi kiunoni. Carmena alizitazama kuta zake mpya ng'ambo ya ua kama kitu alichokiiba.

Kampuni nyingine zilijibu vivyo hivyo, kwa muziki mrefu zaidi. Merle akabaki na kampuni ya taulo. Ada iliongezwa, kwa kuwa nyumba yake, waliandika, ina historia ya maji.

Robyn alikuja Ijumaa Kuu jioni, na nyuma ya gari lake hakupakia kitu, ili vitu vya mama yake vienee. Alipanda ngazi akasimama kizingitini. Humo ndani mwanga wa jua ulikuwa ukicheza darini, viti vilikuwa vikizunguka kwa utaratibu, na mama yake alikuwa amekaa kitandani kwake, mlango wa chumba wazi, simu mapajani. Merle alimwona, akaweka kidole mdomoni.

"Uko salama, Merle?" simu iliuliza. Tegan alikuwa ameshaizoea namba ile ya kila jioni. "Una pa kulala leo?"

Maji yakashuka. Kitanda kikagusa sakafu, kikatulia. Merle akajilaza upande wake, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Ninapo," alisema. "Asante, mwanangu."

Robyn alingoja mpaka simu ikakatwa na maji yakapanda tena.

"Na mthamini?" aliuliza.

"Jumanne. Mpya."

Robyn aliligeukia gari lake tupu, akaligeukia tena lile bwawa. Kisha akavua viatu, akavipanga ngazini pakavu, akakunja sketi yake, akauliza taulo liko wapi.