Jaribio la Tatu la Tanbihi

Walimwita Tanbihi kwa sababu hakuweza kusema hata "mvua inanyesha" bila kutaja nani alilisema hilo kwanza, na ukurasa wa ngapi. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa sosholojia, na ili apewe darasa la mwaka wa kwanza alifundishe, ilibidi afaulu somo la majaribio mbele ya wenzake na Profesa. Mara mbili alikuwa ameanguka. Ya kwanza alisoma marejeo mpaka muda ukaisha, somo lenyewe halijaanza. Ya pili aliupa ubao uso na darasa kisogo. Alipogeuka akakuta kabaki mfagizi tu, kaegemea ufagio anasubiri hitimisho. Ya tatu ilikuwa leo, na ya nne haikuwepo.

"Shangazi, nikianguka leo ndiyo basi tena," alisema kwenye simu, mlangoni pa chumba namba tisa.

Shangazi yake alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na mpaka leo akikohoa tu, watu wazima wanachomekea mashati. "Usihangaike na watukutu, mwanangu. Mtafute mkubwa wao, mkalishe chini. Wengine watakaa wenyewe."

"Nani kasema hivyo, shangazi? Mwaka gani?"

"Nimesema mimi, sasa hivi! Ingia ndani!"

Akaingia. Wenzake kumi na wanane walitakiwa kuigiza wanafunzi. Watu wengine wangeigiza hivi hivi tu, lakini hawa ni wanasosholojia: walifanya utafiti wiki tatu nzima. Waligundua kwamba asilimia kumi na moja ya wanafunzi husinzia. Wakapiga hesabu, wakapata watu wawili kasoro kidogo, kwa hiyo msinziaji wa pili aliamriwa alale jicho moja wazi.

"Leo tutajifunza kwa nini watu hupanga foleni," Tanbihi alianza.

"Dakika ya nne!" akatangaza kiranja wao, karatasi ya ratiba mkononi. "Ugomvi wa kiti!"

Wawili wakarukiana. Mmoja akachelewa kwa makusudi, akatoka, akaingia akachelewa tena, maana mara ya kwanza hakuridhika. Waliopangiwa kupiga soga walipiga soga kwa bidii hata jasho likawatoka.

"Jamani, tusikilizane!"

"Dakika ya kutosikilizana bado inaendelea, mwalimu," kiranja akasema kwa heshima zote.

Ndipo kule nyuma, Profesa, aliyeshika fomu ya tathmini, akanyoosha kidole. Macho yalimng'aa kama ya mtoto. "Mwalimu, naomba kwenda nje!"

Kiranja akapekua karatasi yake, mbele na nyuma. Hilo halikuwemo.

Tanbihi akawatazama wote, kisha akamtazama mkubwa wao.

"Kaa chini. Na uandike."

Profesa akakaa. Na wote wakakaa, hata yule wa kuchelewa. Msinziaji akafumbua jicho la pili. Tanbihi akafundisha foleni nusu saa nzima bila kumtaja marehemu yeyote.

"Kusanyeni kazi," akasema mwishoni.

Profesa akaleta yake: fomu ya tathmini, imejaa maelezo ya foleni pande zote mbili, mwandiko kama kuku kapita na matope. Kisanduku cha alama kilikuwa kitupu. Tanbihi akasoma. Hoja mbili sawa. Ya tatu, neno kwa neno, ya jirani yake. Haki ni haki. Akaandika kisandukuni: *6/10. Jitahidi. Usiangalie kwa mwenzio.*

Akaipeleka ofisini. Karani akaishika kwenye mwanga.

"Sita. Umepita dada, ila kwa tundu la sindano." Akanyanyua muhuri, akasita. "Lakini nani kasema sita?"

Tanbihi akafungua mdomo kutafuta ukurasa. Nyuma yake, wa pili kwenye foleni, alisimama Profesa na kalamu yake, akisubiri kuulizia mtihani wa marudio.

"Nimesema mimi," akajibu. "Sasa hivi."

Muhuri ukashuka.