Ngoma ya Kisima cha Chini

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, mabomba ya kunyunyizia tumbaku dawa ya wadudu yalioshwa karibu na kisima cha chini, na mbuzi waliokunywa hapo wakafa wakitoa povu. Lugembe, mpiga ngoma wa kijiji hicho cha ujamaa nje ya Goweko, aliingiwa na hofu. Mkwewe Benedikta, mke wa mwanawe, alikuwa mjamzito, na maji alikuwa akichota hapo hapo kwa kuwa kisima cha juu kilikuwa mbali.

Leonia, bibi afya, alikwisha kuonya mikutanoni. Watu walimpigia makofi, kisha wakaenda kuchota.

"Shikamoo, mzee. Maneno yangu hawayasikii, ngoma yako wanaisikia," alimwambia Lugembe. "Nitaweka samaki kwenye karai la maji ya kila kisima. Wewe fuata matamvua yake: yakifunguka, piga. Samaki akitulia, nyamaza. Ukimya huo ndio utakaowatisha."

"Marahaba. Nimeelewa."

Siku ya mkutano, samaki wa kisima cha juu alihema polepole, ngoma nayo ikaenda polepole. Watu wakapiga miayo.

Samaki wa kisima cha chini alianza kuhema mbiombio. Mkono wa Lugembe ukamfuata. Nani huku asikie ngoma ya kasi akae kitako? Wanawake walipiga vigelegele, vumbi likatimka, na Benedikta akaingia katikati, mkono kiunoni, tumbo mbele.

Samaki akageuka tumbo juu. Leonia akainua mkono. Lugembe aliona yote mawili, lakini, mjinga yule, alikuwa na raha! Siku hizi ngoma yake ilikuwa ya kuitia watu shambani tu, na leo kijiji kizima kilikuwa miguuni pake. Aliona haya kuikata ngoma iliyokolea. Akaongeza kidogo, kisha kidogo tena.

Aliponyamaza, watu walishangilia. Leonia alipaza sauti akionyesha karai, lakini hakuna aliyetazama. Makoo yalikuwa yamekauka, wakateremka wakicheka hadi kisima kilicho karibu.

Hofu ikamrudia Lugembe yote kwa mara moja. Aliitupa ngoma, akainuka kumkimbilia Benedikta, lakini mkwewe tayari alikuwa anapanda kuja kwake na kata iliyojaa maji.

Benedikta alipiga magoti mbele ya baba mkwe. Kama adabu inavyotaka kwa anayempa mkubwa maji, alitangulia kunywa yeye, na kwa kiu aliyokuwa nayo akanywa sana.

"Pole na kazi, baba," alisema, akamnyooshea kata. "Ni ya baridi."