Komeo la Ndani

Baba mkwe alipoingia tena karakanani na mkongojo wake, seremala alijua asubuhi yake imeshaharibika. Jeneza lilikuwa limepigwa msasa na vanishi, na mzee mwenyewe ndiye aliyeliagiza, maana moyo wake ulikuwa umechoka na daktari hakumficha. Kilichobaki ni kifuniko, na hapo kwenye kifuniko ndipo walipokuwa wakivutana tangu wiki iliyopita.

"Komeo umelitia?" mzee aliuliza kabla hata hajakaa.

"Sijalitia, baba."

"Nilisema liwe la ndani."

"Ulisema. Na mimi nilisema jeneza halitiwi komeo la ndani. Mtaa mzima utanicheka. Watauliza, huyu fundi anamzika mtu au anamjengea choo?"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Seremala hakucheka. Alikuwa amechoka na komeo, amechoka na mkewe aliyemwambia kila jioni, "Mpe baba anachotaka, kwani unapungukiwa nini?" Zaidi ya yote alikuwa amechoka na uzima wa milele. Walipomzika binti yao, kila aliyemshika mkono alimwambia mtoto amelala tu, atafufuka. Walisema hivyo kisha wakaenda zao. Yeye akabaki na nyumba iliyopoa, na kanisani hakukanyaga tena.

"Baba," alisema, akiibwaga randa mezani, "si wewe unayesema siku hiyo makaburi yatafunguka yenyewe? Mungu atakayeinua udongo wote ule atashindwa na misumari yangu? Au imani yako ina wasiwasi?"

Maneno yalitoka makali kuliko alivyokusudia. Mtu hasemi hivyo na baba wa mkewe. Lakini yalikuwa yamemkaa kooni siku nyingi, na hakuomba radhi.

Mzee alipitisha kiganja juu ya kifuniko. "Mungu hashindwi, mwanangu. Ila mimi nataka nitoke haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

"Siku ile nilisimama nyuma yako. Jeneza la mjukuu wangu ulilipigilia misumari mirefu, ile ya kupaulia. Uligonga mpaka watu wakakushika mikono."

Seremala alikaa juu ya rundo la mbao. Siku ile aliogopa udongo usije ukapenya ukamfikia mtoto, ndiyo maana akagonga vile, na miezi yote hii alidhani hakuna aliyeona. Wala hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe, kilichokuwa kikimkosesha usingizi: kwamba ikiwa waumini wanasema kweli, mtoto ataamka akute kumefungwa.

"Ana mikono midogo," mzee alisema. "Na giza analiogopa sana, unamjua. Mimi nitalala pembeni yake. Nikitoka tu, naenda kumfungulia."

Seremala alivuta droo, akapekua kati ya bawaba na bisibisi mpaka akalipata komeo. Alilitia mafuta, akalisukuma huku na huku hadi likateleza vizuri, kisha akalifunga upande wa ndani wa kifuniko. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Alipomaliza, alichukua nyundo yake, ile ile ya siku ile, yenye kucha za kung'olea misumari. Akailaza ndani ya jeneza, mahali mkono wa mzee utakapofika.

"Utaihitaji, baba," alisema. "Misumari ile haitoki kwa mikono."