Kwale wa Kipande cha Mwisho

Kwale haruki mpaka akaribie kukanyagwa. Hutambaa, hujibanza chini ya majani, hujifanya bonge la udongo, na mtu anaweza kupita karibu naye asijue. Ndiyo maana katika familia hii majani ya ng'ombe hukatwa kwa kuzunguka: trekta huanzia ukingoni, likaingia ndani mzunguko kwa mzunguko, na kwale wote wa shamba wakarudi nyuma kidogo kidogo, hadi wabanane katika kipande cha mwisho. Hapo hutandazwa wavu.

Leo aliyeendesha trekta alikuwa Shangazi, kama kawaida, kwa kuwa kaka yake hakuwahi kuelewana na gia. Kaka alishika ncha moja ya wavu. Nyingine ilishikwa na binti yake. Jioni wageni walikuwa wanakuja kumposa huyo binti, na kwale ndio wangekuwa kitoweo.

"Kanyaga mafuta, dada! Wageni hawali majani!" kaka alipiga kelele.

Shangazi hakucheka. Tangu asubuhi roho yake ilikuwa juu juu, na hakujua kwa nini. Posa aliileta yeye mwenyewe. Juzi alikaa na binti jikoni, akamsifia kijana, akasifia nyumba, akamsifia hata mama mkwe, kazi ambayo si ndogo. Binti alimenya vitunguu, kimya. Shangazi akaenda sebuleni akatangaza: amekubali. Kimya cha mwali ni jibu, nani asiyejua?

Kipande kilibaki upana wa chumba. Majani yalitikisika bila upepo. Shangazi aliona jicho moja, kisha shingo, kisha kwale jike aliyelala bapa juu ya vifaranga wake, matairi yakimkaribia. Ndege huyo, ambaye alfajiri hulia hadi kuamsha nyumba nzima, sasa hakutoa hata mlio. Shangazi aliinua macho, akamwona binti ng'ambo ya kipande: ameushika wavu kama alivyoambiwa, amesimama pale alipoambiwa. Uso ule ule wa jikoni.

Hofu ilimshika. Akazima injini.

"Mafuta yameisha?" kaka aliuliza.

"Mwanangu," Shangazi alimwita binti, "unamtaka yule kijana?"

"Dada, mambo hayo si yalishakwisha!"

"Sijakuuliza wewe."

Binti alitazama chini. Kimya kikawa kirefu, na Shangazi alitamani sana kukijaza maneno kama juzi. Aliuma mdomo, akangoja.

"Ulinieleza, shangazi," binti alisema hatimaye. "Hukuniuliza." Akavuta pumzi. "Simtaki."

Aliuachia wavu, ukaanguka upande wake. Kwale wa kwanza alitoka mbio kwa miguu, wenzake nyuma yake, jike akiwa wa mwisho na vifaranga wake, mpaka wakazama vichakani. Kaka hakuwakimbiza. Alibaki ameshika upande mmoja wa wavu.

"Wageni wako njiani," alisema. "Nitawaambia nini mimi?"

Shangazi alishuka kwenye trekta.

"Waambie ukweli. Aliyekubali ni mimi."