Mlango wa Bafu la Mama

Shemeji yangu ni mchora ramani za nyumba, na kwa kuchora hana mpinzani. Ubaya wake ni majina. Ofisini kwetu tulikubaliana kila faili liitwe kwa jina la mteja, tarehe na namba ya toleo; utaratibu huo niliubandika mwenyewe juu ya kompyuta yake. Yeye faili zake ni "Mwisho", "Mwisho Kabisa", "Hii Ndiyo". Ukimsema, anacheka.

"Shemeji, wewe ulifaa uwe polisi. Mimi vitu vyangu navijua."

"Iko siku vitakukana."

Safari hii nyumba ilikuwa ya mama yake. Mama alipooza miguu, na tangu hapo wanawe humbeba hadi bafuni, jambo linalomchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Aliomba kitu kimoja tu: mlango utakaopitisha kiti chake cha magurudumu, aingie peke yake na ajifungie. Shemeji akaupanua mlango kwenye ramani, akanionyesha kwa fahari, akaihifadhi kwa jina "Mwisho Kabisa Mama".

Fundi mkuu alipopiga simu kuitaka ramani, shemeji alikuwa na kikombe cha chai mkononi na haraka zake. Akamtumia "Mwisho Kabisa", ile ya kabla ya kupanua mlango. Fundi wa watu akajenga alichotumiwa, tena akajenga vizuri. Kila upande wa mlango akasimamisha nguzo za zege za kubeba tangi la maji. Sisi tulikuwa tukikimbizana na nyumba za wateja, mganga hajigangi.

Siku ya kuhamia, mama alisukuma magurudumu mwenyewe. Akapita sebuleni, akapita koridoni. Kwenye mlango wa bafu kiti kikagonga fremu. Akarudi nyuma, akajaribu tena, safari hii amebana viwiko.

Shemeji akafungua simu, akaitazama ile ramani aliyotuma. Nikamwona anavyonywea.

"Nitavunja, mama."

"Ukigusa hizo nguzo, tangi linashuka," fundi mkuu akasema kwa upole.

Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tele, ya siku nyingi. Nilijuta tu kwamba siku zile niliishia kucheka naye, badala ya kumgombeza.

Mama akageuza uso kuelekea ukutani, akanyoosha mikono.

"Njoo unibebe, mwanangu. Nimebanwa na haja."