Rejeta Niliyoilehemu

Niliitambua kwa mshono wake. Ilikuwa imelala kwa muuza vyuma chakavu tunayemwita Kutu, katikati ya milango na taa za magari yaliyokufa: rejeta niliyoilehemu kwa mikono yangu, siku moja kabla gari la kaka halijachemka mlimani likimpeleka Mama hospitali. Mama alikata roho kando ya barabara, kichwa chake mapajani mwa kaka. Msibani kaka alininyooshea kidole mbele ya watu: "Lehemu ya huyu ndiyo imemuua Mama." Mwaka mzima hatukusalimiana.

Nikampigia simu. "Njoo kwa Kutu, uone kwa macho yako."

Alikuja amenuna, funguo za lori mkononi, dereva aliyeendesha malori miaka ishirini. Nilikuwa nimeshaziba midomo ya rejeta kwa vipande vya tyubu, nikaacha tundu moja la pampu ya baiskeli. Nikaizamisha kwenye nusu pipa la maji. Ingekuwa na upenyo hata wa ncha ya sindano, hewa ingetoka na viputo vingepanda.

"Fundi, unaipima au unaiogesha?" Kutu alitania. "Hata ikivuja, bei yangu ni ileile!"

Hatukucheka.

"Piga," kaka alisema.

Nikapiga. Viputo vichache vilivyonasa kwenye vibati vyake vikapanda, vikaisha. Nikaongeza hewa mpaka mpini wa pampu ukagoma. Maji yakatulia tuli.

"Umeona?" Sauti ilinitoka hata wateja wakageuka. "Umeona, kaka? Jioni ile bomba langu halikutoa maji. Nilikukabidhi gari nikakwambia rejeta ni kavu, jaza maji kabla hujaondoka. Ulijaza?"

"Nilijaza."

"Basi maji yalikwenda wapi?"

Kutu akakumbuka ghafla kazi yake upande wa pili wa uwanja.

Kaka aliyatazama yale maji. "Mama alikuwa analia kwa maumivu," alisema. "Nilimbeba mgongoni mpaka garini. Nikawasha, nikaondoka."

Mwaka mzima nilikuwa nimeyanoa maneno ya siku hii. Nilikuwa nayajua yote, lipi litangulie na lipi limalizie. Nikayatafuta kinywani, sikuliona hata moja.

Kaka akapiga magoti kwenye tope lenye mafuta, akashika kingo za pipa, uso wake karibu uguse maji.

"Piga tena, mdogo wangu," alisema. "Labda ipo sehemu ndogo. Labda hatukuiona vizuri."

Nikapiga. Nikapiga mpaka mabega yakawaka moto, macho yangu yakiwa kwenye ule mshono, nikiuomba uachie hata kiputo kimoja.