Binti Asiyesalimia

Nice hakuwa na kiburi. Hilo lieleweke mapema, maana soko zima la Tengeru lilishasema anacho, na mama yake mzazi alikuwa njiani kuamini.

Chanzo ni sheria aliyotoka nayo chuoni. Nice ni mshauri nasaha. Ana chumba nyuma ya duka la dawa, chenye viti viwili na pazia zito, na watu huja kumweleza yale wasiyoweza kumweleza mchungaji wala shemeji. Kila mteja mpya humwambia, "Tukikutana nje, mimi sitaanza kukusalimia. Ukianza wewe, nitaitika. Hivyo hakuna atakayeuliza tumejuania wapi." Sheria nzuri kabisa, kwa miji ambayo watu hupishana bila kutazamana. Huku kwenye miteremko ya Meru anayeanza ni mdogo, na asiyeanza hakulelewa.

Mzee Elieshi alikuwa mmoja wa wateja hao. Ni mzee wa kanisa, mwenye sauti iliyotuliza misiba ya watu wengi, ila msiba wake mwenyewe ulimshinda. Tangu mkewe afariki, machozi yalimjia popote, hata akikata majani ya ng'ombe. Kwa Nice alilia kwa nafasi, na sasa alishaanza kupata usingizi. "Lakini mwanangu," alimwonya, "siku watu wakijua, mimi huku sirudi."

Basi siku moja sokoni Nice akapita mbele yake kimya, kama sheria inavyotaka. Mzee naye akajifanya anachagua viazi. Na huyu ni binti ambaye mzee anamjua tangu akibebwa mgongoni. Catherine, muuza nyanya, akaona.

Habari ilifika nyumbani kabla ya Nice.

"Nimekusomesha ili uwapite wazee kama nguzo za umeme?" mama aliuliza.

"Kuna sababu, mama."

"Ipi?"

"Siwezi kuisema."

"Basi ni kiburi."

Afadhali ingeishia hapo, kwani kiburi hakijaua mtu. Tatizo ni kwamba Catherine ana akili kuliko inavyohitajika kwenye nyanya. Alikaa akatazama nani anasalimiwa na nani anarukwa, akapata jibu, na hakulala nalo. "Anaowaruka," alitangaza, "ndio wagonjwa wake."

Kufumba na kufumbua, wazee ambao mwaka mzima hawakujali salamu za mtu wakaanza kuzidai. "Binti, mbona mimi hujanisalimia?" alisema mzee Joel, akigeuka huku na huku kuhakikisha mashahidi wapo. Mwingine alivuka barabara kuifuata shikamoo yake. Nice alisalimia mpaka koo likamkauka, na kila aliyesalimiwa aliondoka kifua mbele, kama aliyepewa cheti cha daktari.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada watu walibaki nje kwa mnada wa sadaka: kuku, mayai, mikungu ya ndizi. Wazee walikuwa wamejipanga kando ya njia ya kutokea, mzee Elieshi katikati yao, mikono nyuma. Catherine alikuwa ameacha kupigania jogoo aliyemtaka, na macho yake yalikuwa mlangoni.

Nice akasimama pale mlangoni. Akimsalimia mzee Elieshi leo baada ya kumruka sokoni, Catherine atasema anaficha. Asipomsalimia, amemtaja mbele ya usharika mzima. Alimwona mzee anavyomeza mate, akamwonea huruma. Usingizi walioutafuta pamoja miezi yote ile ungepotelea kwenye mnada wa mayai.

Akashusha pumzi, akatembea. Hakumsalimia mzee Elieshi. Hakumsalimia mzee Joel, ambaye alishatanguliza marahaba. Hakumsalimia mchungaji, wala baba yake mzazi aliyekuwa amekumbatia mkungu wa ndizi. Aliwaruka wote, mmoja baada ya mwingine, uso mbele.

Mnada ukasimama. Mama yake akajishika kichwa.

"Huyu mtoto amechanganyikiwa," mtu alisema.

"Hajachanganyikiwa, hana adabu," alisema mzee Joel, mwenye uchungu wa marahaba iliyokosa mwenyewe. "Mzee Elieshi, wewe ndiye mkubwa wetu. Mkanye."

Nice aligeuka kuwatazama. Alijua jina lake zuri limekwenda, na la mama yake limeburutwa nalo, na jambo hilo lilimuuma kweli. Hata hivyo hakujuta. Sasa hata Catherine asingeweza kumtenga mgonjwa na mzima.

Mzee Elieshi akatoka kwenye mstari. Alimtazama yule mama aliyeshika kichwa, akamtazama binti aliyesimama peke yake katikati ya uwanja, akamwendea taratibu. Alipomfikia, akavua kofia. Machozi yalishaanza kumlenga, na safari hii hakuyafuta.

"Shikamoo, mshauri," alisema, kwa ile sauti yake ya misibani inayosikika mpaka barabarani. "Alhamisi nitachelewa kidogo. Ng'ombe wangu anakaribia kuzaa."

Hakuna aliyewahi kumfundisha Nice namna ya kuitikia shikamoo ya mzee.

"Marahaba, baba," alisema. "Nitakusubiri."